Hali tano za shamba la pamba Lingeka

Kulinganisha hali kadhaa kwenye lahajedwali ni kuiuliza hesabu moja swali lile lile mara nyingi, kila mara kwa takwimu nyingine, kisha kuyaweka majibu yote mahali pamoja yaonekane kwa mtazamo mmoja. Mkulima wa pamba hufanya hivyo kichwani kila mwaka kabla ya kutia plau ardhini. Bei ikiwa ile ya mwaka jana, kitabaki nini? Ikianguka je? Mvua ikikosea je? Kichwa hubeba maswali mawili au matatu, kisha huanza kuchanganya. Lahajedwali hubeba mengi zaidi, ila likipangwa vibaya nalo huchanganya, tena kimya kimya, na karatasi iliyochapwa huaminiwa kuliko kichwa cha mtu.

Kumbukumbu hizi ni za shamba la familia huko Lingeka, Bariadi, mkoani Simiyu: ekari 4 za pamba, nusu yake mbugani kwenye udongo mweusi na nusu kwenye luseni, udongo wa kichanga. Mwandishi ndiye mtoto aliyekuwa akishika kompyuta. Wenye shamba ni baba na mama. Simiyu ni mkoa mchanga, ulimegwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, lakini ndio unaoongoza kwa pamba Tanzania, na katika wilaya zake za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu hesabu ya mwaka ya kaya nyingi huanzia na kuishia kwenye zao hilo.

Ugumu wa hesabu ya pamba uko kwenye mfuatano wa mambo. Mbegu huingia ardhini Novemba na Desemba. Palizi ya kwanza na ya pili hupita, bomba la mgongoni huingia shambani raundi baada ya raundi kupambana na funza wa vitumba, na fedha karibu zote huwa zimeshatoka mfukoni kabla bei haijajulikana. Bei dira, yaani bei elekezi ya msimu, hutangazwa msimu wa ununuzi unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei. Mwaka 2019 ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Mwaka 2020, korona ikiwa imefunga maduka na viwanda vya nguo duniani, ikawa 810. Mwaka 2022 ikapanda hadi 1,560, na 2023 ikashuka hadi 1,060. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania huuzwa nje, kwa hiyo bei anayosomewa mkulima kwenye AMCOS, chama chake cha ushirika, huletwa na soko la dunia, soko ambalo yeye hana mkono ndani yake. Aliyepanga msimu kwa bei moja tu, hata kama aliichagua kwa busara, alikuwa amepanga nusu.

Novemba 2023 hesabu ya shamba hilo ilipangwa jioni, baada ya ng'ombe kuingia zizini, kwenye kompyuta ya mkononi iliyonunuliwa imeshatumika. Swali la kwanza lilikuwa dogo.

"Baba, bei tuweke ngapi?"

"Weka zote. Ipi kati ya hizo haikutokea?"

Jibu hilo ndilo lililoigeuza hesabu ya mstari mmoja kuwa hesabu ya hali nyingi. Bei ya 1,200 na ya 810 zikaingia kama bei njema na bei mbaya. Mavuno nayo yalihitaji kugawanywa: msimu mzuri shamba lilikuwa limewahi kutoa kilo 400 kwa ekari, mvua ikikosea kilo 220, na funza wakizidi kilo 250. Kukosea kwa mvua kulihesabiwa kwa pande zote mbili, kukatika mapema na kuzidi, kwa sababu mwaka huo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatahadharisha kuhusu El Niño, na pamba ya mbugani ikizama maji haina tofauti kubwa na iliyokaushwa na jua. Mama alikuwa na hoja moja tu, nayo ilibadilisha salio kuliko hoja nyingine yoyote jioni ile: palizi ya nyumbani iandikwe kwa bei ya kibarua. "Hata hiyo inaliwa, mwanangu. Siku niliyopalilia pamba sikupalilia mahindi." Palizi ikaandikwa 30,000 kwa ekari kwa kila mkono, mikono miwili. Kulima kwa plau pamoja na mbegu kukawekwa 50,000 kwa ekari, dawa 7,000 kwa ekari kwa kila raundi, na kuvuna shilingi 100 kwa kilo.

Hali zikawa tano. Ya kwanza, msimu mzuri: bei 1,200, kilo 400, raundi 6 za dawa. Ya pili, bei imeanguka: 810, kilo 400, raundi 6. Ya tatu, mvua imekosea: 1,200, kilo 220, raundi 5, kwa kuwa mmea uliodumaa haupuliziwi hadi mwisho. Ya nne, funza wamezidi: 1,200, kilo 250, raundi 9. Ya tano ni ile ambayo watu hawapendi kuitamka, bei na mvua kuharibika pamoja: 810, kilo 220, raundi 5.

Hesabu ya kila hali ni fupi. Katika ya kwanza ekari 4 hutoa kilo 1,600, mapato 1,920,000, gharama 768,000, salio 1,152,000. Ya pili huacha 528,000, ya tatu 388,000, ya nne 408,000, na ya tano 44,800. Kaya ilikuwa imejiwekea kiwango cha 450,000, ambacho ni mahindi ya kununua ghala likiwa tupu, sare na madaftari, na 30,000 ya bima ya afya ya CHF iliyoboreshwa. Hali mbili zilikivuka, tatu zikashindwa.

Kosa lilikuwa kwenye umbo la faili. Kila hali ilikuwa na laha yake, imenakiliwa kutoka laha ya kwanza, gharama zote zikiwa zimeandikwa upya mara tano. Katikati ya Januari 2024 mvua zilikuwa nyingi, magugu yaliota kwa kasi, vibarua wakaadimika, na mkono mmoja wa palizi ukapanda kutoka 30,000 hadi 35,000. Takwimu ikabadilishwa kwenye laha nne. Ya tano, iliyokuwa imejificha nje ya ukingo wa kioo upande wa kulia, ikabaki na 30,000. Faili likapelekwa kwenye steshenari mjini Bariadi, ukurasa wa matokeo ukachapwa, na baba akaukunja na kuutia mfuko wa shati.

Kwenye karatasi ile hali mbaya kuliko zote bado ilisema salio ni 44,800. Kwa kuitegemea, baba alikubali kuchukua ncha ya plau na mnyororo kwa mkopo wa 40,000 ulipwe baada ya mauzo, akiwa na hoja iliyonyooka: hata kila kitu kikiharibika, deni hili linalipika. Salio la kweli lilikuwa 4,800. Aliyeligundua kosa ni mama, ambaye hakuwahi kuligusa lahajedwali. Alizilinganisha karatasi mbili, ya Novemba na ya Januari, akaona mistari minne imeshuka kwa 40,000 na mmoja umesimama. "Mbona huyu hakushuka na wenzake?"

Kasoro ya aina hiyo ni kongwe kuliko kompyuta. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Dan Bricklin, akiwa mwanafunzi wa biashara Harvard, alikuwa akiona hesabu za ubaoni zikifutwa na kuandikwa upya kila takwimu moja ilipobadilika, na kosa dogo likisambaa katika zilizobaki. Kutokana na usumbufu huo yeye na Bob Frankston walitengeneza VisiCalc, lahajedwali la kwanza la kompyuta ndogo, lililoanza kuuzwa mwaka 1979. Kiini cha uvumbuzi wao ni kwamba takwimu huandikwa mara moja, na kila panapoihitaji panaisoma kutoka hapo. Laha tano zilizonakiliwa zinakipinga kiini hicho, maana zinairudisha kompyuta kwenye ubao wa chaki.

Mafundisho mengi kuhusu jambo hili hukimbilia makro, yaani programu ndogo iliyoandikwa ndani ya faili ambayo hubadilisha takwimu, hunakili jibu, kisha huenda kwenye hali inayofuata. Makro ilijaribiwa Lingeka na haikufaa, kwa sababu zinazowahusu watumiaji wengi wa Afrika Mashariki. Faili lilikuwa likisafiri kwa WhatsApp hadi steshenari, na tangu 2022 Microsoft huzuia makro katika mafaili yaliyotoka kwenye intaneti. Kitufe kilibonyezwa, hakuna kilichotokea. Excel ya simu haiendeshi makro kabisa. Na hata makro inapokubali, jibu lililoachwa na makro ni la wakati ule ilipobonyezwa. Takwimu ikibadilika baadaye, jibu halisogei hadi mtu akumbuke kubonyeza tena. Hilo ni kosa lile lile la laha ya tano, limevaa nguo nyingine.

Njia iliyofaa ina sehemu tatu: hesabu moja, orodha ya hali, na seli moja yenye namba ya hali inayotumika. Katika faili jipya la Lingeka seli B1 ndiyo iliyobeba namba hiyo, 1 hadi 5. Mstari wa 3, kuanzia D hadi H, uliandikwa majina ya hali. Chini ya majina, mstari wa 4 ulibeba bei, wa 5 kilo kwa ekari, na wa 6 raundi za dawa. Safu ya B katika mistari hiyo haikuandikwa takwimu, ila fomula ya kuchagua. B4 ilikuwa =INDEX(D4:H4,$B$1), na B5 na B6 zikafuata mfano huo. Ukiandika 3 kwenye B1, safu ya B yote inasoma hali ya mvua kukosea. CHOOSE nayo ingefanya kazi hiyo, ila fomula yake hurefuka kila hali inapoongezwa, na INDEX inasomeka kwa urahisi zaidi na mtu asiyeiandika mwenyewe.

Takwimu zisizobadilika kati ya hali na hali zilikaa B8 hadi B12, kila moja mara moja tu: ekari, kulima na mbegu, palizi kwa mkono mmoja, dawa kwa raundi, kuvuna kwa kilo. Kisha hesabu yenyewe. B14 ni kilo zote, =B8*B5. B15 ni mapato, =B14*B4. B16 ni gharama, =B8*(B9+2*B10+B6*B11)+B14*B12. B17 ni salio, =B15-B16. Shamba zima liko kwenye mistari minne.

Hadi hapo lahajedwali linaonyesha hali moja kwa wakati, na mtu angelazimika kubadili B1 mara tano na kuandika majibu kwenye daftari. Kazi hiyo hufanywa na jedwali la data, zana iliyomo ndani ya Excel bila makro yoyote na ambayo watu wengi wanaotumia Excel kila siku hawajawahi kuifungua. Kwenye A21 hadi A25 ziliandikwa namba 1 hadi 5. Mstari wa juu yake, kuanzia B20, uliunganishwa na majibu: B20 ni =B15, C20 ni =B16, D20 ni =B17, huku A20 ikiachwa tupu. Eneo lote la A20 hadi D25 likawekewa kivuli, ikafunguliwa menyu ya Data, kisha What-If Analysis, kisha Data Table. Kisanduku kinachotokea huuliza seli mbili. Kwa kuwa namba za hali zimepangwa kwenda chini, hujazwa kisanduku kidogo cha safuwima, Column input cell, kwa seli B1, na cha pili huachwa kitupu.

Kinachotokea ndani ndicho cha kushika. Excel huchukua namba ya kwanza, 1, na kuiweka B1 kwa muda bila mtu kuona, hukokotoa hesabu yote, hunakili majibu matatu mbele ya 1, huenda kwenye 2, na kuendelea hadi 5, kisha hurudisha B1 ilivyokuwa. Inarudia hivyo kila mara takwimu yoyote inapoguswa. Majina ya hali yaliletwa kando ya majibu kwa =INDEX($D$3:$H$3,A21), na safu iliyofuata ikapewa =IF(D21>=450000,"Inatosha","Pungufu"), ili asiyetaka kusoma tarakimu asome neno.

Jaribio la kwanza la faili hilo lilikuwa palizi ile ile. B10 ilibadilishwa mara moja kutoka 30,000 hadi 35,000, na mistari mitano ikashuka pamoja: 1,112,000, 488,000, 348,000, 368,000 na 4,800. Baba aliisoma ya mwisho mara mbili. Ncha ya plau ilirudishwa kesho yake na mnyororo ukabaki, kwa makubaliano ya kuulipa kidogo kidogo.

Mpangilio huo ulifichua jambo ambalo mazungumzo ya miaka mingi yalikuwa hayajalifikia. Wakulima wa pamba hulalamikia bei, na wana haki. Kushuka kutoka 1,200 hadi 810 ni kupoteza karibu theluthi ya mapato. Lakini majibu yakiwa yamepangwa bega kwa bega, bei mbaya peke yake iliacha 488,000, juu ya kiwango cha kaya, huku mvua iliyokosea kwa bei nzuri ikiacha 348,000, chini ya kiwango. Kwa shamba hili kilo kwa ekari ilikuwa na nguvu kuliko bei. Sababu yake inaonekana kwenye B16: palizi na kulima hulipwa kwa ekari, na ekari iliyotoa kilo 220 imepaliliwa kwa fedha zile zile kama iliyotoa 400. Katika hali ya tatu kila kilo iligharimu takriban shilingi 805 kuizalisha, wakati katika hali ya kwanza iligharimu 505. Bei ya 2020 ingeiacha kilo ya hali ya tatu na faida ya shilingi 5 na senti kadhaa.

Ili kulipima jambo hilo vizuri zaidi lilitengenezwa jedwali la pili, la njia mbili, ambalo bei hupita juu na mavuno hushuka pembeni. Zana ni ile ile, ila visanduku vyote viwili hujazwa na kwenye kona huwekwa =B17. Seli B4 na B5 tayari zilikuwa na fomula za kuchagua hali, kwa hiyo ziliongezwa seli mbili tupu za majaribio, B2 kwa bei na C2 kwa kilo. B4 ikaandikwa upya kuwa =IF($B$2="",INDEX(D4:H4,$B$1),$B$2), na B5 vivyo hivyo kwa C2. Seli za majaribio zikiwa tupu, hesabu hufuata hali. Jedwali la njia mbili linapozijaza kwa muda, hesabu hufuata majaribio. B2 na C2 hazipaswi kuandikwa kitu kwa mkono, maana jedwali la kwanza lingesoma bei moja kwa hali zote tano. Zilipakwa rangi ya kijivu kwa sababu hiyo.

Juu ziliandikwa bei nne zilizokwisha kutokea, 810, 1,060, 1,200 na 1,560, na pembeni kilo 220, 300 na 400. Kwa raundi 6 za dawa, bei kubwa ya 2022 pamoja na kilo 220 iliacha 636,800. Bei ya 1,200 pamoja na kilo 300 iliacha 672,000. Kilo 80 za ziada kwa ekari zilikuwa na thamani kuliko shilingi 360 za ziada kwa kilo, na kilo 80 ni jambo ambalo mkulima anaweza kulifanyia kitu: kupanda mapema mvua za kwanza zinapotulia, kufuata nafasi za kupandia, kutochelewesha palizi ya kwanza. Jibu la chini kabisa, 810 kwa kilo 220, ilitoka na hasara ya 23,200. Jedwali hilo lilibandikwa kwa gundi ya ugali ndani ya mlango wa ghala.

Mitego ya njia hii ni michache lakini kila mmoja uligharimu muda. Jedwali la njia mbili hutegemea hali iliyomo B1 kwa kila kitu kisichomo juu wala pembeni. B1 ikiwa 4, raundi za dawa ni 9, na majibu yote hushuka bila sababu kuonekana. Seli ya kuingizia lazima iwe kwenye laha ile ile lilipo jedwali, ama sivyo Excel hukataa. Seli moja ndani ya matokeo haiwezi kufutwa peke yake. Hufutwa eneo zima la matokeo kwa pamoja. Mtego mbaya zaidi uko kwenye mpangilio wa ukokotoaji. Excel ina chaguo la kukokotoa kila kitu isipokuwa majedwali ya data, lililowekwa kwa ajili ya mafaili makubwa yanayochelewa. Likiwa limechaguliwa, jedwali hubaki na majibu ya zamani yakiwa na sura ya mapya hadi F9 ibonyezwe. Kwenye kompyuta ya steshenari lilikuwa limechaguliwa. Tangu hapo juu ya jedwali iliwekwa seli ya ukaguzi inayolinganisha B17 na mstari wa hali iliyomo B1, =IF(B17=INDEX(D21:D25,B1),"Sawa","Bonyeza F9"), na hakuna karatasi iliyochapwa bila neno Sawa.

Kuna zana nyingine ya Excel ambayo kwa jina ingeonekana ndiyo hasa ya kazi hii, Scenario Manager. Huhifadhi hali kwa majina, hadi seli 32 zinazobadilika kwa kila hali, na hutoa muhtasari mzuri kwenye laha mpya. Tatizo lake ni kwamba muhtasari huo ni picha iliyokwisha kupigwa. Palizi ikipanda kesho, muhtasari wa leo hausogei. Kwa ripoti inayoandikwa mara moja na kupelekwa kwa mtu, unafaa. Kwa shamba ambalo gharama hubadilika kila wiki mbili kati ya Desemba na Machi, haufai. Takwimu za hali pia hujificha ndani ya kisanduku, wakati kwenye orodha ya D hadi H baba aliweza kuziona na kuzikataa.

Watumiaji wa LibreOffice Calc wana zana ya aina hiyo kwenye menyu ya Data, iitwayo Multiple Operations, yenye fomula yake yenyewe, MULTIPLE.OPERATIONS. Programu huria za familia hiyo zina historia nchini: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisi yenye menyu za Kiswahili. Google Sheets, ambayo wengi huitumia kwenye simu, haina jedwali la data.

Kwa ajili ya simu lilitengenezwa umbo la tatu, nalo ni la kawaida kabisa: kila hali na safu yake kutoka juu hadi chini. Chini ya D6 iliandikwa hesabu nzima, D14 ikiwa =$B$8*D5, D15 ikiwa =D14*D4, na gharama =$B$8*($B$9+2*$B$10+D6*$B$11)+D14*$B$12. Alama ya dola ndiyo inayolinda: fomula ikivutwa kulia hadi H, rejea za palizi na kulima hubaki B, na rejea za bei na kilo husogea. Palizi bado imeandikwa mara moja. Kwa hesabu fupi kama hii umbo hilo ni bora kuliko jedwali la data, na ni vyema kulisema wazi, kwa sababu kila hatua inaonekana na mtu anaweza kuifuata kwa kidole. Jedwali la data hushinda hesabu inaporefuka. Mwaka uliofuata gharama na mapato yalipogawanywa kwa miezi 12, kunakili miezi yote mara tano kungerudisha yale yale ya laha tano.

Msimu wa ununuzi ulipofunguliwa iliongezwa safu ya sita, I, yenye jina Hali halisi. Fomula za INDEX zilipanuliwa hadi I, 6 ikaandikwa A26, na jedwali likafutwa na kutengenezwa upya, maana halirefuki kwa kuvutwa. Kilo zilichukuliwa kwenye stakabadhi za mzani. Bei haikuwa bei dira: sehemu ya pamba ya mbugani ilinyeshewa ikiwa imepasuka na ikapimwa kama fifi, daraja la chini, kwa hiyo kwenye I4 iliandikwa fedha zote zilizopokewa zikigawanywa kwa kilo zote, za safi na za fifi pamoja. Iliyobaki ilikuwa I6, raundi za dawa, na hapo kumbukumbu za watu watatu zilitofautiana. Baba alisema 6, mwandishi 8. Mama aliwapeleka nyuma ya banda, ambako kila bomba lilipotoka shambani baada ya raundi alikuwa akichora mstari wa mkaa ukutani. Ilikuwepo mistari 7.